Mawe ndiyo bahari: Jinsi ya kuhamishia matumbawe ya nyumbani kwenye tangi kubwa

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamefanikiwa kumtenga na kumkuza maabarani kiumbe mdogo mno wa baharini anayeishi kwa kutumia amonia. Walimtoa kwenye changarawe za tangi la samaki wa bahari ya joto, katika akwariamu ya umma ya mjini Seattle, wakampa jina la Nitrosopumilus maritimus. Urefu wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Hata hivyo, jamaa zake wamo katika kila bahari, na kwa idadi wanahesabiwa miongoni mwa viumbe walio wengi zaidi duniani.

Kila anayefuga samaki wa bahari na matumbawe sebuleni anaishi na viumbe wa namna hiyo, awe anajua au hajui. Ndio wanaoyafanya maji ya tangi yakalike. Ikifika siku ya kuhamia tangi kubwa, macho yote huwa kwa samaki wa rangi na matumbawe ya bei ghali, nao wafanyakazi hawa wasioonekana husahaulika juu ya mawe yaliyoachwa yakauke kwenye beseni. Siku chache baadaye samaki wanahema juu juu, matumbawe yamejikunja, na mwenye nyumba anailaumu chumvi, anailaumu pampu, anamlaumu aliyemuuzia tangi.

Nimeipenda kazi hii ya kufuga kipande cha bahari, na ninachotaka kumwambia msomaji ni kimoja: katika kuhama, kitu cha kwanza kulindwa ni jiwe. Jiwe likifika salama, mengine yana nafasi ya kufika salama.

Kwa nini mtu ahame

Wengi huanza na tangi la lita 100 au 200, kwa sababu ya bei na nafasi. Muda si muda, viumbe wanakua. Chukua mfano wa kangaja wa buluu, yule ambaye watoto wa dunia nzima wanamjua kwa jina la Dory tangu filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Dukani huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Baharini, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, hufikia sentimita 30. Ni samaki wa mwendo, wa kukata maji huku na huko mchana kutwa. Kumweka maisha yake yote kwenye tangi la urefu wa mita moja ni kumnyima kile alichoumbiwa. Nayo matumbawe hutanuka, yakigusana hupigana kwa kuchomana, na lenye nguvu humuua jirani yake.

Sababu ya pili ni utulivu wa maji. Maji yanapokauka kwa joto na upepo wa feni, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 lenye chumvi ya gramu 35 kwa lita likipoteza lita 4, chumvi hupanda hadi karibu 35.7. Lita 4 zizo hizo zikipotea kwenye tangi la lita 600, chumvi hufika 35.2 tu. Hesabu hiyo inahusu mambo mengine pia. Samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe bila kuonekana, sumu inayotoka mwilini mwake husambaa kwenye maji mara tatu zaidi. Umeme ukikatika usiku, maji mengi huchelewa kupoa. Tangi kubwa humpa mfugaji muda wa kugundua kosa na kulirekebisha kabla halijaua.

Kazi inayofanywa na jiwe

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza hutoa amonia vilevile. Amonia ni sumu, na kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake ni karibu 8.2, ukali wake huzidi kuliko kwenye maji baridi ya mtoni yenye pH ya chini. Viumbe wa jamii ya yule wa Seattle, pamoja na bakteria fulani, huigeuza amonia kuwa nitriti. Kundi jingine la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndani kabisa ya jiwe, kwenye vitundu ambako oksijeni haifiki, wapo wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayopotelea hewani.

Wengi wa viumbe hawa hukaa wamejishika kwenye mawe, mchanga na kuta za mabomba. Wanaoelea majini ni wachache. Ndiyo maana mtu anayebeba maji yote ya zamani kwa uangalifu, kisha akaosha mawe kwa maji ya bomba yenye klorini ili "yawe safi", amebeba kisichokuwa na kazi na kuua chenye kazi. Maji ya zamani yana faida ya kuwapunguzia viumbe mabadiliko ya ghafla, basi. Mtambo wenyewe umo kwenye jiwe.

Jambo hili lilijulikana kwa vitendo kabla halijaelezwa vizuri na sayansi. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi alivyoweza kuweka samaki na wanyama wa mwambani kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa hai, maji ya bahari, mwanga na mapovu ya hewa. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani, waliiendeleza njia hiyo kwa kuongeza taa kali na mashine ya kuondoa uchafu kwa povu. Mmoja wao, Dietrich Stüber, alikuza tumbawe la jamii ya Acropora nyumbani kwake na kuwagawia wenzake vipande vyake, na vipande vya vipande hivyo vikaenea kwenye matangi ya nchi nyingi. Mpaka leo mfugaji akisema anatumia njia ya Berlin, anaeleweka: mawe mengi, povu, mwanga na mzunguko wa maji.

Maandalizi kabla ya siku ya kuhama

Kwanza sakafu. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, kwa hiyo tangi la lita 600 lina kilo 615 za maji peke yake, kabla ya kuongeza kioo, mawe, mchanga na kabati. Anayekaa ghorofani amuulize mtu anayejua ujenzi, na tangi likae karibu na ukuta unaobeba nyumba. Fundi apime kabati kwa pimamaji pande zote. Tangi likiinama hata kidogo, uzito wa maji huelemea upande mmoja na kuchosha maungio ya silikoni. Liepushwe na dirisha la jua la mchana, maana jua huchemsha maji na kustawisha mwani usiotakiwa.

Likishakaa mahali pake, lijazwe maji baridi na kuachwa siku kadhaa. Kama linavuja, heri livuje sasa kuliko siku samaki watakapokuwa ndani.

Pili, maji mapya. Anayehama kutoka lita 200 kwenda 600 anahitaji lita 400 mpya, sawa na karibu kilo 15 za chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu ndani ya ile maalumu mna kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mifupa yao. Maji ya kuchanganyia yawe yamechujwa hadi kutolewa madini na klorini. Chumvi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku pampu ikizungusha. Ukiweka chumvi kwanza kisha ukamimina maji juu yake, kalsiamu huganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Yaachwe yazunguke yakiwa na hita hadi yawe maangavu, kisha yalinganishwe na ya tangi la zamani: chumvi gramu 35 kwa lita, joto kati ya nyuzi 24 na 27, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita.

Tatu, vyombo. Mapipa na ndoo ziwe hazijawahi kuonja sabuni wala dawa. Chombo chochote cha shaba kikae mbali, kwa kuwa shaba hata kidogo huua kamba, konokono na matumbawe. Pawe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Katika miji yetu, ambako umeme hukatika bila hodi, pampu hiyo si anasa.

Siku yenyewe

Kazi ianze asubuhi, wakiwapo watu wawili au watatu, na kila mmoja ajue zamu yake. Hita izimwe kabla maji hayajapungua, kwa sababu hita inayowaka nje ya maji hupasuka. Kisha yavutwe kwa mpira maji ya juu, yaliyo safi, na kujazwa kwenye mapipa kabla mtu yeyote hajagusa mchanga. Mchanga ukishatibuliwa, maji hayo hayapatikani tena.

Matumbawe ndiyo yanayotangulia kutoka, kila moja kwenye chombo chake ili yasichomane. Avae glavu na miwani ya kukinga macho anayeyashika. Baadhi ya matumbawe madogo yanayofanana na vifungo vya nguo, jamii ya Palythoa na zoanthidi, hubeba sumu iitwayo palitoksini, ambayo wanasayansi waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa matumbawe ya Hawaii. Ni miongoni mwa sumu kali zinazotokana na viumbe. Wapo wafugaji waliolazwa hospitali baada ya kusugua au kuchemsha mawe yenye matumbawe hayo na kuvuta mvuke wake. Jiwe la tangi halichemshwi kamwe, na mkono wenye kidonda hauingizwi majini.

Zamu ya mawe ikifika, inua moja taratibu na uligeuze ukiwa umelishika juu ya beseni. Upande wa juu una gamba la zambarau, huo ni mwani mgumu unaojenga chokaa. Upande wa chini ni mji mwingine kabisa: sifongo nyeupe na za manjano zimejibana kwenye vitundu, mirija midogo ya minyoo imechomoza, konokono wa ukubwa wa punje ya mchele wanatambaa, na nyota-bahari wembamba wanajivuta kukimbilia giza. Mnyoo mwenye manyoya huenda akateleza nje, na manyoya yake yakimgusa mtu humwasha siku nzima. Hawa wote wanakula mabaki na kusafisha nyumba. Sifongo nyingi hazivumilii hewa. Kwa hiyo jiwe lizamishwe mara moja kwenye pipa lenye maji ya zamani, hita na pampu ya kuzungusha, na kabla ya hapo lichunguzwe kila tundu, kwa maana kamba na samaki wadogo hujificha humo na kubebwa bila mtu kujua.

Samaki watoke mwisho. Mawe yakiisha na maji yakibaki kimo cha shubiri, samaki hana pa kujificha na anakamatwa bila kukimbizwa. Atumiwe chombo badala ya wavu inapowezekana. Kangaja ana miiba mikali kama wembe kwenye shina la mkia, hunasa kwenye nyuzi akaumia yeye, au akamkata anayemshika.

Unabaki mchanga, na hapa ndipo wengi hupotea kwa kuona hasara. Chini ya mchanga wa miaka kadhaa kuna tabaka jeusi lisilo na oksijeni. Ukilitibua linatoa harufu ya yai viza, ambayo ni haidrojeni salfaidi, pamoja na uchafu uliolala muda wote huo. Mchanga wa namna hiyo ukimiminwa ulivyo kwenye tangi jipya unaweza kuua kila kitu usiku mmoja. Njia salama ni kununua mchanga mpya, kuuosha, na kuuongezea vikombe vichache vya tabaka la juu la ule wa zamani ili kupandikiza viumbe wake. Mwenye samaki wanaolala ndani ya mchanga ahakikishe kina kinawatosha.

Kwenye tangi jipya mawe yawekwe kabla ya mchanga, yakae imara juu ya sakafu ya tangi. Yakiegemea mchanga, samaki au kamba anayechimba atayaangusha, na jiwe la kilo kumi likianguka linaweza kupasua kioo. Yapangwe yakiacha mapango na njia, maji yapite nyuma na kati yake. Halafu mchanga, halafu maji, halafu matumbawe, halafu samaki. Kama chumvi na joto vimelingana, samaki hawahitaji kungoja saa nyingi kwenye ndoo. Kila dakika wanayokaa humo amonia yao wenyewe inajikusanya.

Mwanga mpya, hatari mpya

Tangi kubwa mara nyingi huja na taa kubwa, na mfugaji hutamani kuziwasha zote jioni ileile. Azizuie. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wa chembe moja ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya anachohitaji. Mwanga ukizidi ghafla, mwani hao hulemewa na kuzalisha oksijeni ya aina inayodhuru. Tumbawe hujiokoa kwa kuwatoa, likabaki jeupe, lenye njaa. Lisiporudishiwa mwani wake mapema, hufa.

Wakazi wa pwani yetu wameona jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño lilipausha na kuua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kule sababu ilikuwa joto, sebuleni mara nyingi ni taa, lakini kinachovunjika ni kilekile, yaani ushirika wa mnyama na mwani wake. Kwa hiyo taa mpya zianze zikiwa zimepunguzwa, ziongezwe taratibu kwa wiki tatu au nne, na kila tumbawe lianzie chini kabla ya kupandishwa mahali pake pa kudumu.

Wiki za mwanzo

Amonia ipimwe kila siku katika wiki ya kwanza, na maji mapya yenye chumvi yawe tayari kwenye pipa. Kipimo kikionyesha amonia, badilisha sehemu ya maji siku hiyohiyo. Chakula kipunguzwe. Viumbe wa kwenye mawe wanalingana na taka walizozizoea, na baadhi yao wamekufa njiani hata kama kazi ilifanywa vizuri. Huongezeka, lakini kwa mwendo wao.

Hapo ndipo penye kishawishi kikubwa kuliko vyote. Tangi linaonekana tupu, na duka lina samaki wapya. Nafasi imeongezeka siku moja, lakini uwezo wa kusafisha umebaki ule wa tangi la zamani. Anayejaza samaki watano kwa mpigo ameongeza taka kabla ya wasafishaji. Aongeze mmoja, asubiri, apime, ndipo afikirie mwingine, na samaki wagomvi wa kulinda mipaka waje mwisho. Mwani wa kahawia utatanda kwenye mchanga mpya na kioo, nao hauhitaji dawa. Kwa kawaida hupungua wenyewe konokono wakiula na tangi likitulia.

Tangi la zamani lisiuzwe haraka. Likiwa na hita, pampu na kipande cha bomba cha kujifichia, linafaa kuwa karantini ya wiki kadhaa kwa kila samaki mgeni, asije akaleta ugonjwa kwa wenyeji waliovuka salama.

Deni kwa mwamba wa kweli

Samaki wa matangi wana kwao, na kwa baadhi yao kwao ni kwetu. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo tangu miaka ya 1970, wakikamatwa mwambani na wazamiaji wenye nyavu za mkono, kisha kusafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya maji na oksijeni hadi Ulaya na Marekani. Ni riziki halali ya familia za pwani. Lakini kila samaki anayekufa katika nyumba ya ughaibuni kwa sababu ya haraka ya mfugaji huacha pengo linalojazwa kwa kukamata mwingine. Samaki wa anemoni akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10 tangini, na katika miaka hiyo hakuna wa kumrithi anayetolewa baharini.

Uchaguzi wa mnunuzi pia umepanuka. Samaki wa anemoni wengi madukani leo ni wa kuzalishwa. Kangaja wa buluu, aliyedhaniwa hazalishiki, alikuzwa kutoka yai kwa mara ya kwanza mwaka 2016 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Florida. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya mkataba wa CITES, hivyo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Mfugaji asiyetaka kugusa mwamba anaweza kupata kipande kilichokuzwa tangini kutoka kwa mfugaji mwenzake, kama walivyofanya watu wa Berlin. Mbinu hiyohiyo ya kukata, kupandikiza na kungoja sasa inatumika kuurudishia mwamba uhai. Katika Kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, vipande vya matumbawe hukuzwa kwenye bustani chini ya maji kabla ya kupandwa upya.

Mtu aliyewahi kuhamisha tangi akayaona yaliyomo upande wa chini wa jiwe hawezi tena kuuona mwamba wa matumbawe kama mawe tu ya kuvunjwa kwa nanga au kuchomwa chokaa. Kwa hiyo anayepanga kuhamia tangi kubwa aipange kazi hiyo kwa wiki, asiipange kwa saa. Anunue chumvi na vipimo kabla ya samaki mpya, na pesa za samaki wa ziada aziweke kwenye pampu ya akiba. Samaki aliyetolewa mwambani hana njia ya kurudi. Aliyemchukua ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba nyumba mpya ina uhai wa kutosha kabla hajamfungulia mlango.